Faili la Uzio

Nilipiga taipu barua zake miaka kumi na tisa
juu ya duka la misumari na rangi, Mtaa wa Reli,
katika mji wa Saskatchewan ambao ngano ni nyingi kuliko watu
na upepo huingia ofisini bila miadi.

Wakili Garnet Oleskiw hakuwa na sauti ya mahakama.
Yake ilikuwa ya mtu anayemwamsha mgonjwa ale dawa.
Alijua wosia wa kila nyumba,
nani kamrithisha nani trekta,
nani kamnyima mwanawe hata kijiko,
na akidodoswa dukani alizungumzia mvua.
Walimlipa kwa nyama ya kulungu, kwa mayai,
mwaka wa ukame kwa shukrani.
Shukrani niliziandika daftarini, safu ya mapato.
Mkaguzi wa kodi hakucheka.

Februari wakaja wanaume watatu wa chama,
viatu vyao havijawahi kukutana na theluji.
Walisema *taifa* mara nyingi.
Verna, mkewe, alikoroga chai isiyo na sukari
mpaka ikapoa.

Tulibisha hodi milango elfu mbili,
nyuzi thelathini chini ya sifuri, wino ukiganda kalamuni.
Kwenye ukumbi wa kanisa, kati ya akina mama wakikunja pirogi,
unga hadi viwikoni,
akasema: Reli yetu haitang'olewa.
Sentensi ile sikuiandika mimi.
Ahadi ni deni, watu husema, kisha wanalala.
Yeye alikuwa wakili wa madeni;
alijua riba huanza kuhesabiwa siku gani.

Barua ya kwanza kutoka Ottawa:
"Thelma, kiti changu kiko nyuma kabisa, karibu na pazia.
Vijana huniletea maji kabla sijaona kiu.
Hapa ukisema vizuri wenzako hupiga meza,
jambo ambalo shuleni tulichapwa kwalo.
Faili la uzio wa Bi Dubyk liko droo ya chini.
Usimpe mtu."

Barua zikafupika.
Zikaanza kuja na sahihi ya muhuri.

Kumbukumbu za Bunge hutufikia kwa posta,
siku tisa nyuma ya ukweli.
Nilisoma nimesimama, koti bado mwilini:
mswada wa reli, waliosema Ndiyo,
na jina lake limebanwa katikati ya majina
ya watu wasioijua njia ya kuja kwetu.

Alinieleza kwa kurasa nne.
Mnadhimu wa chama alimshika bega, akaliachia polepole.
Kulikuwa na hospitali, ingejengwa badala yake, labda.
Nilisahihisha mkato mmoja,
nikaiweka chini ya herufi R.
Sikumjibu.

Juni wakaja kung'oa.
Mataruma yaliuzwa, watu wakazungushia vitanda vya maua.
Hata mimi nilinunua sita.
Yananuka lami jua likiwaka.

Alishindwa kwa kura mia sita na kumi na moja.
Oktoba nikasikia ngazi:
aliruka kidato cha tano, kile kinacholia,
nikajua ni yeye kabla ya kofia.
Amenenepa shingo. Kwenye ukosi wa koti
palikuwa na tundu dogo la beji.

Hakuniuliza habari za mji.
"Bi Dubyk," alisema, "alipata wakili?"
Nikamwambia kweli: Nettie Dubyk alikuja kila Alhamisi,
akaketi kiti kile, mkoba magotini,
nilipomtajia mawakili wa Yorkton akatikisa kichwa.
"Huyu wetu alinidanganya kuhusu reli," alisema.
"Kuhusu uzio, bado."

Akacheka, au alikohoa.
Akaketi bila kuvua koti,
akafungua droo ya chini,
akatafuta penseli.

Futi nne za ardhi, upande wa mashariki.
Nikaingiza karatasi kwenye mashine,
nikaandika tarehe,
nikangoja.